Mlipe Fundi Masikio Kabla Hujanunua Spea

  

Leo naongelea gari inayolia. Ile ko-ko-ko ya chini ukipita shimo. Ile nyiiii ya breki asubuhi. Ile vuuuuu inayopanda ukitoka Mundika kuelekea Bumala mpaka abiria wa nyuma anauliza kama kuna ndege. Msimamo wangu nauweka mapema, ndio ukikasirika ukasirike ukijua ni kwa nini: barabara zetu ni mbaya, spea feki ziko, na magari yetu ni ya kitambo, sawa. Lakini kinachotumaliza zaidi ni kwamba hapa kwetu hakuna mtu analipwa kusikiliza gari. Tunalipa chuma. Tunalipa kazi ya kufunga chuma. Sikio halina bei kwa gereji, kwa hivyo hakuna anayelitumia, na sisi tunaendelea kubadilisha vitu vizima huku kile kibovu kikiendelea kugonga.

Wewe unajua vile inaendanga. Unaingia gereji, ya Busia ama ya Malaba, hakuna tofauti. Unasema, "Fundi, hii gari inagonga mbele." Anauliza, "Upande gani?" Unasema, "Kushoto hivi." Anashika kona ya gari, anaisukuma chini mara mbili, inapanda inashuka, anatingisha kichwa kama mtu ameletewa habari ya msiba. "Boss, hizi shoki zimeisha." Dakika mbili! Hajaiendesha. Hajaingia chini. Hajakuuliza inagonga ukiwa kasi gani, ukikata kona ama ukienda moja kwa moja, ukishika breki ama ukiachilia. Lakini tayari ashampigia mtu wa spea simu.

Shoki zinakuja, zinafungwa, unalipa. Unatoka geti, bampu ya kwanza: ko-ko-ko. Unarudi. "Aah, basi ni bushi." Bushi zinafungwa. Ko-ko-ko. "Basi boss, hii ni raki ya usukani." Hapo sasa ndipo mtu anauza ng'ombe.

Kuna mwalimu mmoja namjua, ana Probox. Gari yake ilikuwa inagonga nyuma. Alinunua shoki mbili za nyuma, akanunua bushi, akaambiwa sasa pengine ni springi. Aliyemwokoa ni kijana wa kuosha magari. Alikuwa anatoa karpeti ya buti akakuta jeki imetoka mahali pake, inacheza pale chini ikigonga bodi kila shimo. Kijana akaikaza kwa mkono. Kelele ikaisha. Spea zote zile zilifungwa na mtu ambaye hakufungua buti hata siku moja. Na unajua mwalimu alimpa yule kijana nini? Shilingi 50 ya soda.

Hiyo 50 ndiyo hoja yangu leo.

Msiniletee ile story ya mafundi wote ni wezi. Sijasema hivyo na sitasema. Hebu fikiria ukiwa wewe ndiye fundi. Gari inaletwa, unaacha kazi zingine, unaiendesha nusu saa, unapita bampu, unakata kona, unarudi, unaingia chini na tochi, unagundua ni bolti moja imelegea. Unaikaza sekunde thelathini. Mwenye gari atakulipa ngapi? "Aah fundi, si umekaza tu? Nitakutoa lunch siku ingine." Lakini ukimwambia ni shoki, atakulipa kazi ya kufunga bila kelele, na pengine duka la spea nalo litakukumbuka. Sisi wenye magari tumemwambia fundi waziwazi: ukinitafutia ukweli nakupa soda, ukinibahatishia nakupa mshahara. Halafu tunashangaa akibahatisha!

Na usiniambie watu wa huku hawana pesa ya kulipia uchunguzi. Wanalipa! Taa ya injini ikiwaka kwa deshibodi, mtu anakimbia "kuweka gari kwa mashine", na analipa hiyo mashine hata kabla kitu kirekebishwe. Vizuri. Lakini hiyo mashine inasoma umeme na sensa. Linki ya stabilaiza haina sensa. Bushi haina waya. Boljointi iliyolegea haiwashi taa yoyote, na gurudumu ambalo nati zake zimelegea haliandiki kodi kwa kompyuta. Vitu vinavyogonga chini ya gari mashine haiwezi kuvisikia, mtu anaweza. Tunalipa mashine isiyo na masikio, na mwenye masikio tunampa soda.

Linganisha na hospitali. Ukienda Khunyangu ama Alupe na kikohozi, daktari akikuandikia dawa kabla hujafungua mdomo, utatoka hapo ukisema huyu ni tapeli. Unataka akuulize: kimeanza lini, kinakuja usiku ama mchana, kifua kinauma ukivuta pumzi? Unataka akuwekee kile kidude kifuani asikilize. Kidude chenyewe kilianza mwaka 1816 kule Paris. Daktari Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akaweka upande mmoja kwa kifua cha mgonjwa na mwingine kwa sikio lake. Karatasi tu! Fundi naye ana bisibisi ndefu: ncha kwa chuma cha injini, mpini kwa sikio, anasikia beringi ya altaneta kama iko ndani ya kichwa chake, bora tu aweke nguo na mikono mbali na mikanda inayozunguka. Ana kipande cha paipu ya maji, upande mmoja sikioni, mwingine anautembeza mpaka sauti izidi. Vifaa viko. Kinachokosekana ni mtu wa kumlipa muda wa kuvitumia.

Hebu niwaonyeshe kwamba kusikiliza ni kazi yenye hatua zake. Wengine mnafikiria ni kipawa cha mzee fulani.

Ya kwanza ni bure: toa kila kitu. Buti, chini ya viti, mfuko wa mlango, ile sehemu ya deshibodi yenye risiti za mwaka juzi. Kaza jeki, spana na tairi ya spea. Shika namba ya gari uitingishe. Shika bati la kuzuia joto juu ya eksosti, gari ikiwa imepoa, si ikiwa moto. Hilo bati likishika kutu kwenye bolti zake hulia cheche-cheche-cheche injini ikifika mzunguko fulani, halafu linanyamaza. Watu wamefungua injini kwa sababu ya bati ambalo lilihitaji klipu moja ya paipu.

Ya pili: uliza kelele inafuata nani, injini ama magurudumu? Simamisha gari mahali tambarare, weka P, vuta hendibreki, kanyaga mafuta polepole. Ikilia ukiwa umesimama, tafuta kwa injini, mikanda, mauntingi na eksosti. Ikilia tu ukitembea, tafuta chini: magurudumu, breki, shoki na jamaa zake. Swali moja tu, na umeshafuta nusu ya gari. Umewahi kuulizwa hilo swali gereji?

Ya tatu ni vuuuuu. Hapo ni beringi ama ni tairi, na bei zake hazifanani kabisa. Sikiliza lami ikibadilika. Ukitoka lami laini ukaingia ile yenye kokoto na sauti ikabadilika sana, shuku tairi. Kama lami haiibadilishi, lakini ukiyumbisha gari kidogo kushoto na kulia, polepole na barabara ikiwa tupu, sauti inapanda na kushuka, shuku beringi. Ukikata kulia uzito unaenda kushoto, kwa hivyo ikizidi ukikata kulia, anza na gurudumu la kushoto. Fundi akitaka uhakika, ainue gari, azungushe gurudumu kwa mkono mmoja na wa pili aushike kwenye springi. Beringi mbovu utaihisi inakwaruza kwa vidole kabla hata ya kuisikia.

Ya nne ni ile ko-ko-ko yenyewe, mama wa shida zote. Hapa sikiza vizuri. Pita bampu ya barabara nzima polepole, magurudumu mawili ya mbele yapande pamoja. Halafu tafuta shimo la gurudumu moja tu, na kwetu huwezi kulikosa. Kama bampu iko kimya lakini shimo la upande mmoja linagonga, mshukiwa wa kwanza ni linki ya stabilaiza, zile fimbo fupi kila upande. Sababu ni rahisi: chuma cha stabilaiza hufanya kazi pale gurudumu moja linapopanda na lingine likabaki. Yakipanda pamoja, kinazunguka tu na linki hazisumbuliwi sana. Mwambie mtu atingishe gari wakati fundi ameshika linki kwa vidole. Ikiwa mbovu itamgonga mkononi. Na linki ni kati ya vitu vya bei nafuu huko chini. Sasa rudi kwa yule aliyenunua shoki mbili, bushi na raki, umhesabie.

Ya tano: kata-kata-kata ukikata kona yote huku ukikanyaga mafuta, hasa ukigeuza gari kwa steji. Hiyo ni CV jointi ya nje. Angalia buti yake ya mpira kama imepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Ya sita: kelele ambayo inapotea ukigusa breki kidogo tu. Padi ama kalipa inacheza. Ile nyiiii ya breki yenyewe mara nyingi ni kibati kidogo kilichowekwa kwa padi makusudi, kilie padi zikikaribia kuisha. Ni barua kutoka kiwandani, wewe unaijibu kwa kuongeza redio. Ya saba: mpira unaolia kwiii-kwiii kama kitanda cha kitambo. Nyunyizia maji bushi moja moja. Ile ukiimwagia sauti inabadilika, umeipata.

Umeona bei ya hayo yote? Muda. Muda na akili ya mtu. Na hicho ndicho hatutaki kulipa.

Sasa tutoke kwa pesa twende kwa kitu kinachonikasirisha zaidi.

Hizi kelele hazifanani. Bati la eksosti litakuaibisha kwa mazishi, basi. Lakini kuna zingine tatu nne zinaua. Nati za gurudumu zikilegea, hasa baada ya kutengeneza pancha kando ya barabara, utasikia mgongo wenye mdundo unaoenda haraka kadiri unavyoenda haraka. Usifike hata kituo kinachofuata. Simama. Breki ikikwaruza chuma kwa chuma, simama. Boljointi ya chini ikianza kugonga, hiyo ndiyo imeshika gurudumu lisilale. Kwa magari mengi ikichomoka, gurudumu linakunjika chini ya gari, na usukani ulioshika unabaki kuwa pambo. Fundi akiinua gari na kushika tairi juu na chini akaitingisha na ikacheza, hiyo ni beringi ama boljointi. Akishika kushoto na kulia ikacheza, aanzie tairodi. Dakika tano. Na asiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, tafadhali, tumezika watu kwa hiyo.

Sasa niambie, hii barabara ya Kisumu unaijua. Hii ya Malaba unaijua. Trela zimejipanga kungoja kuvuka, umebanwa pembeni, tairi ya kushoto iko kwa udongo na ya kulia iko kwa lami, halafu unarudi juu kwa nguvu. Hapo ndipo boljointi hukuaga. Ndani ya gari si wewe peke yako. Kuna mama ametoka soko, kuna mwanafunzi wa Alupe, kuna mtu amepakata mtoto kwa sababu Probox ya watu watano imebeba tisa. Wote wanasikia ko-ko-ko. Wote wamenyamaza. Na dereva anafanya nini? Anaongeza redio.

Dereva wa kuajiriwa simlaumu peke yake. Nimeongea na hawa vijana. Kijana anamwambia tajiri, "Gari inagonga mbele." Tajiri anauliza swali moja tu: "Inatembea?" "Inatembea." "Basi lete hesabu." Akiisimamisha siku moja isikilizwe, hesabu ya siku inatoka kwa mfuko wake. Siku gurudumu litakapokunjika, tajiri yuko nyumbani, kijana ndiye yuko mtaroni, na ripoti itasema dereva alishindwa kulidhibiti gari. Tajiri, nakuambia wewe: hiyo kelele uliiambiwa. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zitunzwe wakati wote katika hali ambayo haitahatarisha watu wengine barabarani wala waliopanda. Wakati wote. Haikusema wakati wa ukaguzi.

Kwa sababu najua kuna mtu ashaanza kuandika, "Lakini gari yangu ina stika ya NTSA." Hongera. Magari ya abiria hukaguliwa mara moja kwa mwaka. Hiyo ni siku moja. Siku zingine 364 mkaguzi ni masikio yako, na wewe umeyafunika na spika mbili za buti.

Najua majibu mengine pia. Ngoja niyachukue moja moja.

"Ni barabara, si gari." Ni kweli barabara inaharibu. Lakini barabara mbaya ni sababu ya kusikiliza zaidi. Mtu wa Muthaiga anaweza kukaa miaka na linki zake. Wewe unayepita Nambale nyuma ya trekta za miwa, masikio yako ndiyo yanafaa kuwa makali.

"Gari ya zamani lazima ilie." Hapana. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika ya zaidi ya miaka 8, Uganda wanaruhusu mpaka 15. Ikishaingia, hakuna anayehesabu tena. Iliyokuja na miaka 7 ikakaa hapa 10, hiyo ni 17. Sawa, ni mzee. Lakini mzee akisema mguu unamuuma, huwa mnamwambia "wazee lazima walie" ama mnamwangalia mguu? Na kuna hatari nyingine: gari ikizoeleka kulia, kelele mpya inajificha ndani ya zile za kitambo. Ile inayoua inakuja ikiwa imezungukwa na ishirini za upuzi. Ndio maana ninasema hata bati la eksosti likazwe. Shida yake ni kwamba linaficha mwenzake.

"Hiyo kusikiliza ni mambo ya wazungu wenye muda." Ukisema hivyo ukiwa Busia unanichekesha. Sisi ndio watu wa bodaboda. Inasemekana jina lenyewe lilizaliwa kwa huu mpaka, enzi za miaka ya 60, vijana wakibeba watu kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka mpaka kingine. Uliza wazee waliofanya hiyo kazi kwa Black Mamba. Mnyororo ukianza kukauka walisikia. Spoku moja ikilegea walisikia, wakishuka kuikaza kabla ya kumpakia mteja mwingine. Hawakuwa na redio ya kuongeza, na baiskeli ikivunjika siku hiyo hawali. Hii tabia si ya kuletwa na meli. Tulikuwa nayo, tukaiacha siku tulipopata spika.

"Nikimlipa fundi kusikiliza, si atakula pesa na bado anidanganye?" Hili ndilo swali la maana, na jibu lake ndilo pendekezo langu.

Tenganisha malipo. Kusikiliza kuwe na bei yake, tuseme shilingi 500 kwa gari ndogo, na ilipwe hata kama kilichopatikana ni jeki. Tena ilipwe hasa kama ni jeki, kwa sababu hapo amekuokolea maelfu. Ukishamlipa kwa ukweli, hana sababu ya kukuuzia uwongo. Pili, jifunze neno moja: "Nionyeshe." Fundi akisema linki imeisha, sema nionyeshe ikicheza, weka mkono wangu hapo. Beringi? Nionyeshe, nizungushe mwenyewe. Anayejua atafurahi kukuonyesha. Aliyebahatisha ataanza kukuambia wewe si fundi. Tatu, kitu kimoja kwa wakati. Badilisha kimoja, endesha, sikiliza, ndio uende kwa kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo na kelele iishe, hujui ni kipi, na vinne umevilipia bure. Nne, kile cha zamani urudishiwe mkononi. Na tano, kabla ya kulipa, mpande wote wawili mpite lile shimo lililowaleta. Kama bado inagonga, kazi haijaisha.

Simu yako itumie vizuri pia. Siku hizi mtu anarekodi ko-ko-ko anaituma kwa grupu ya WhatsApp na kupata majibu arobaini: shoki, shoki, mauntingi, uza hiyo gari, shoki. Maikrofoni ya simu haijui kelele imetoka kona gani, na hao arobaini hawajui ulikuwa unapita wapi. Lakini mwambie mtu aliyekaa nawe, si wewe dereva, arekodi kipande kilekile cha barabara, kasi ileile, kabla na baada ya kazi. Huo ni ushahidi. Fundi akisema "imepungua," mchezee zote mbili.

Nanyi mafundi, msijifiche nyuma yangu. Kuna wenu wana masikio ya ajabu. Nimewaona, gari inaingia geti na tayari wamesema "hiyo ni CV ya kulia" kabla haijazimwa. Mnaiuza hiyo akili kwa bei ya soda kwa sababu mnaona aibu kulipisha kitu kisichoshikika kwa mkono. Acheni hiyo. Andikeni ukutani, hapo karibu na bei ya kubadilisha oili: KUSIKILIZA GARI, 500. Mteja akinuna, mwambie mashine ya kompyuta huilipa bila kununa. Mtapoteza wateja wachache wa kwanza, halafu watarudi wakiwa wamefunga shoki mbili mahali pengine.

Abiria, na wewe pia una kazi. Ukisikia mdundo unaenda na gurudumu, sema. Mwite konda, "Kijana wangu, hiyo tairi ya nyuma inagonga, mwambie dereva asimame aangalie nati." Utaonekana unajifanya. Kuna mtu atakuambia ushuke kama unaogopa. Shuka. Nauli ya gari ingine kutoka Ugunja ni pesa kidogo sana ukilinganisha na hospitali.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla ya mpira, fanya hivi. Toa kila kitu kwa gari. Zima redio. Zima feni. Endesha kutoka Busia mpaka Adungosi na mtu mmoja anayeandika: inalia nini, wapi, kasi gani, ukifanya nini. Hiyo karatasi mpelekee fundi pamoja na 500 yake, na usimwambie unafikiri ni nini. Mwache asikilize.

Na kama una gereji popote kati ya Bumala na Malaba na uko tayari kuandika hiyo bei ukutani, nitumie picha inbox. Nitakuja na kamera, nitaonyesha watu kazi yako kutoka mwanzo mpaka mwisho, na tangazo silipishi. Gari ya kwanza kusikilizwa ninayo tayari. Ni ya jirani, inagonga mbele kushoto, na ashaambiwa ni shoki.